Barua za Jumapili

Diski iligonga mara tatu kwa ndani, kama mtu anayebisha hodi, ikanyamaza.

"Ndivyo inavyofanya," alisema mama aliyeileta. "Inakwenda dakika arobaini hivi, inapata moto, inagoma. Tangu jana imegoma mara mbili."

Fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Bisibisi, aliiweka sikioni kama daktari. Kisha akaigeuza laptop aliyokuja nayo mama, nene, ya zamani, herufi zimefutika kwenye vibonye. Akachungulia matundu yake ya USB, akaguna.

"Kuna nini humu, mama?"

"Barua. Mia mbili na nane."

"Barua mia mbili zinajazaje diski nzima?"

"Ni za sauti. Nilipata kazi mbali, nikakaa huko miaka minne. Mume wangu kwa kuandika alikuwa mvivu, lakini kuongea ndiyo kazi yake. Alisoma taarifa ya habari redioni miaka ishirini na sita. Basi kila Jumapili ananirekodia saa nzima, tena kwa ubora wa studio. Ukimwambia azibane zipungue ukubwa, anakwambia sauti hainyongwi."

"Na redioni hawana kanda zake?"

"Walihama jengo, wakazitupa. Zimebaki hizi tu."

Bisibisi alichomeka diski kwenye kompyuta yake ya mezani. Ikakataa kufunguka.

"Haifunguki popote ila kwenye hiyo laptop," mama alisema. "Aliifunga mwenyewe. Alisema yaliyomo ni ya mke na mume." Akatabasamu kidogo, tabasamu likakatika. "Unajua, nilizisikiliza mara moja moja tu. Niliporudi nikaziweka kabatini. Za nini, na mwenyewe niko naye? Siku tuliyotoka hospitali ndipo nilipozikumbuka. Nikaivuta kwa pupa, ikaniponyoka."

Aliitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Tulichelewa kwenda, fundi. Kila siku anasema ni kikohozi tu, ni kikohozi tu."

"Poleni sana kwa msiba, mama."

Mama alifungua mdomo ajibu, lakini machozi yakamtangulia. Akaishia kutikisa kichwa.

Bisibisi alisubiri ajifute, kisha akamweleza bila kuficha. Matundu ya laptop ile yalikuwa ya polepole mno. Kuhamisha mzigo wote kungechukua saa mbili na zaidi, na diski ilikuwa inatoa dakika arobaini. Ikigoma tena, hakudhani itaamka.

"Kwa hiyo ndiyo basi?"

"Sijasema hivyo. Ubavuni laptop ina nafasi ya kadi. Nikiipachika kadi yenye matundu ya kasi, tunamaliza kwa nusu saa na dakika chache."

Alipekua droo tatu ndipo akaipata, ndani ya pakiti iliyopauka. Akaisukuma ubavuni mwa laptop mpaka ikalia tik. Laptop haikuitambua. Akaweka programu yake, akazima, akawasha. Bado. Akaichomoa, akaipuliza vumbi, akairudisha. Kitaa kidogo cha bluu kikawaka.

Alijaribu kwanza na diski yake nzima. Faili zikapita kama maji. Kisha akaichukua ya mama, akaielekezea feni, akamtazama.

"Ni mara moja tu, mama."

"Chomeka."

Diski ilizunguka. Orodha ikaanza kusogea, barua baada ya barua, kila moja na tarehe yake. Dakika ya kumi zilikuwa sitini. Ya ishirini, mia moja na kumi na nane. Mteja mmoja aliingia na simu iliyopasuka kioo, akawaona walivyoinama, akatoka taratibu.

Dakika ya thelathini na mbili, diski ikaanza kugonga.

"Vumilia, mzee," Bisibisi aliiambia. "Vumilia, bado kidogo."

Ikagonga tena. Kitaa cha bluu kikapepesa, kikazimika.

Bisibisi hakuinua macho haraka. "Mia moja tisini na moja. Kumi na saba zimepotea. Nisamehe, mama."

"Zipi?"

"Za mwishoni."

"Za mwishoni alikuwa ananiambia neno moja tu, njoo nyumbani. Nilikuja." Mama akavuta kiti. "Nifungulie yoyote."

Sauti ikatoka, nzito, tulivu, kila herufi mahali pake: "Mke wangu, hujambo? Hapa mvua haijakata tangu Alhamisi. Paka wako amehamia kwenye mto wako. Nimemwambia mwenye nafasi anakuja, hasikii."

Seremala wa mlango wa pili aliacha kugonga msumari. Bisibisi alivua kofia yake, akaishika kifuani. Mama alisikiliza amefumba macho, akicheka na kulia kwa pamoja, kisha akachukua simu, akaandika neno moja, akatuma.

Muda si mrefu mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamume mrefu, mwembamba, amefunga kitambaa cheupe shingoni. Bisibisi alimkaribisha, mgeni akaitikia kwa kichwa tu. Mama akainuka, akampisha kwenye kiti, akairudisha barua mwanzo.

Mgeni akakaa, akaisikiliza sauti yake mwenyewe mpaka mwisho, midomo ikiyafuata maneno moja moja, bila hata mnong'ono kutoka.