Barakoa ya Jumanne

Fundi alizima mashine ya kusaga barakoa saa tano asubuhi, huku wajenzi wa barabara wakisubiri mzigo na msimamizi ameshamwonya mara mbili. Onyo la tatu lingekuwa la kumwaga unga wake.

"Shangazi, nakupa nusu saa," alisema. "Ikizidi hapo tunafukuzwa wote."

 Shangazi alikuwa amezama kwenye barakoa hadi viwikoni. Kazi yake ilikuwa kung'oa waya wa pua na kukata kamba za masikio, ili barakoa zilizotoka kwenye tanuri la kuua vijidudu zisagwe, zichanganywe na kokoto, ziwe tabaka la barabara. Leo hakung'oa kitu. Alikuwa anasoma.

Barakoa hizo zilitoka hospitali iliyompa kila muuguzi moja tu kwa zamu, na wauguzi waliandika jina na tarehe kwa wino mzito wasije wakachukuliana. Binti wa shangazi alikuwa mmoja wao. Sasa yuko mahabusu, kisa mgonjwa aliyefia wodini Jumanne moja. Mtaa ulishatoa hukumu: alitoroka zamu, mgonjwa akafa peke yake.

Maneno hayo yalimchoma fundi. Binamu yake huyo hata paka mgonjwa hakuwahi kumwacha.

"Dada hawezi kutoroka," alisema, akavaa glavu na kufungua gunia jingine. "Leo tutawaziba midomo."

"Wapelelezi wanakuja kuyachukua magunia haya mchana," shangazi alisema, akiendelea kupekua. "Tafuta, mwanangu."

"Hao nao siwaamini hata chembe."

Gunia la nne, fundi akapiga ukelele. Jina la dada. Tarehe yake. Jumanne ile ile, na wino haujafifia.

"Alikuwepo! Shangazi, dada alikuwepo kazini!"

Machozi yalimtiririka shangazi. Aliipokea ile barakoa, akaibana kifuani. Kisha akang'oa waya, akakata kamba, akaitumbukiza kwenye mashine na kubonyeza swichi mwenyewe.

 Fundi alitaka kuurukia ule mkono, lakini mashine ilikuwa imeshameza.

"Aliyetoroka zamu anafukuzwa kazi tu, mwanangu," shangazi alisema, akijifuta macho. "Wanayemtafuta ni aliyekuwepo zamu ile akamchoma yule mgonjwa sindano iliyomuua."