Kisu Kisichovimba Mfukoni

Gilbert alikuwa ameketi mlangoni pa chumba chao, kule ugenini Isipingo, akipiga tupa mpini wa kisu cha kukunja. Mkewe Odette alisimama nyuma yake na sufuria ya pondu, majani ya muhogo, mkononi, hasogei.

"Papa Jeancy, unakifanyia nini?"

"Kinavimba mfukoni. Nataka kikae kisionekane."

"Nani asikione?"

Gilbert akapuliza vumbi la mti. "Iko mtu mmoja. Wewe usijali."

Usijali! Mwanaume ananoa mipango yake mbele ya macho yako, halafu eti usijali.

Aling'oa kibanio cha pembeni, akapiga msasa mpaka mpini ukawa mwembamba kabisa. Kisha akasimama, akakitia mfukoni, akakichomoa, akakifyatua kwa kidole gumba. Akarudia tena, na tena. Odette akasahau kama alikuwa na njaa.

Tangu simu ya Odette ipotee njiani, nyumba ilikuwa haina raha. Yeye alisema ameporwa. Gilbert akamhoji kama polisi: ulipita wapi, saa ngapi, ulikuwa na nani? Akataka awe anamfuata kazini kwake saluni kila jioni. Odette akawaka. "Mimi mtoto wa shule? Wenzangu wanicheke?" Basi Gilbert akaacha kuuliza, na hilo ndilo lililomtisha mkewe.

Kesho yake Godelive, anayesuka naye pale saluni ya mtaa wa Warwick, alimvuta pembeni.

"Dada, bwana yako siku hizi anafunga duka la simu mapema."

"Mapema wapi! Nyumbani anafika nyuma yangu."

"Basi jana nilimuona ng'ambo ya barabara, amejibanza nyuma ya nguzo. Anaangalia mlango wetu, mkono mfukoni."

Odette akageuka kuiangalia ile nguzo. Kumbe anadhani nina mwanaume, akawaza. Ataniua huyu, na watoto wangu watabaki na nani?

Jioni ile aliondoka na kitana cha kukunja, cha bati, mojawapo ya vile wanavyowauzia wateja wanaume. Asubuhi Gilbert alipoingia kuoga, Odette aliipapasa suruali ya mumewe iliyotundikwa ukutani. Akatoa kisu, akatia kitana. Wallahi, kwa jinsi kisu kilivyokuwa kimekondeshwa, mkono usingejua tofauti. Kisu akakizika ndani ya debe la unga, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo akanywa chai yake yote.

Jioni akatoka saluni kifua mbele. Alipofika chini ya daraja, karibu na kituo cha teksi, aliona kivuli cha mumewe kikimfuata kwa mbali. Nifuate tu, akasema moyoni, leo huna kitu.

Hapo wanaume wawili wakamkatia njia. Mmoja alishika jisu la kuchinjia.

"Bag! Faka phansi!" akamwamuru auweke mkoba chini.

Mkoba ukamponyoka Odette. Nyuma yake viatu vikasikika vikija mbio, na Gilbert akajitupa katikati ya mkewe na lile jisu.

"Kimbia, Mama Jeancy! Usiogope, kila jioni niko nyuma yako."

"Papa Jeancy, hapana! Rudi!"

Gilbert akawatazama wale wawili, akatia mkono mfukoni bila wasiwasi wowote.