Spika ya Inchi Kumi na Tano

Marko alilaza kiganja juu ya spika iliyokuwa ikinguruma, akafumba macho kama mganga anayepima mapigo ya mgonjwa. Mkewe, Vaileth, alimtazama bila kupepesa. Mwanamume anayechagua spika ya kanisani hafumbi macho namna ile.

"Hii nyingine inapiga juu," alisema fundi Gerald, akigonga spika ya pili kwa ukucha. "Omu nane, inchi kumi na tano, sawasawa na ile iliyoungua. Inaingia kwenye sanduku la kombo lako bila kuchonga mbao. Ukiipiga hii, watu watainuka wenyewe."

"Sitaki ya kuinua watu. Nataka ile nzito, unayoisikia miguuni kabla ya masikioni."

"Hiyo ndani ya jengo itakusumbua. Itatikisa mabati."

"Haitakaa ndani."

Vaileth aliliweka moyoni neno hilo. Kanisa lao lilikuwa na kuta nne na mlango.

Duka la Gerald lilikuwa Mikumi, kando ya barabara kuu, na Marko hakutaka kabisa kusindikizwa. Vaileth alijisindikiza. Kabla hawajaoana, Marko alipiga besi kwenye baa moja ya mji huohuo, na wahudumu wake wote aliwajua kwa majina. Alipooa aliacha. Gitaa na kombo, ile amplifaya yenye spika ndani yake, vililala chini ya kitanda miaka sita.

Sasa vilikuwa vimeamka. Tangu mahindi yaanze kubeba, Marko alitoka jioni mara tatu kwa wiki, kombo amelifunga nyuma ya pikipiki pamoja na betri ya sola ya nyumbani, akirudi alfajiri macho mekundu na nguo zinanuka moshi. Moshi wa nyama choma, Vaileth hakuhitaji kuambiwa. "Mazoezi ya kwaya," Marko alisema kila mara. Vaileth alikwenda kumuuliza mwalimu wa kwaya. Mwalimu alikohoa, akaanza kusifu mahindi yao, jinsi mwaka huu yalivyosimama.

"Shemeji, wewe unaonaje?" Gerald aliuliza.

"Mimi nina masikio ya kawaida. Muulize huyo mwenye wasikilizaji wake."

Gerald alicheka. Marko hakucheka. Alimwambia fundi afunge ile nzito na kukaza skrubu mpaka mwisho. "Wiki iliyopita koili iliungua katikati ya kazi," alisema, "nusura nisitoke mzima." Kisha akamkumbuka mkewe aliyekuwa pembeni, akafunga mdomo.

Ugomvi wa wanaume, Vaileth aliwaza. Huyo mwanamke anayemkesheza ana mwenyewe.

Jumamosi, Marko alipoondoka, Vaileth alimwacha binti yao Anitha kwa jirani. Nguo za mama na mtoto zilikuwa tayari kwenye begi. Akimfumania Marko, kesho yake angerudi kwao Kisanga, na safari hii wasingekuja wazee kumbembeleza. Alikuwa amechoka kulia. Alipanda bodaboda hadi kwenye ile baa, akamwamkia shikamoo mama mwenye baa. Mama aliitikia marahaba, akasema hajamtia Marko machoni tangu aoe.

"Yule wa besi?" dereva wa bodaboda aliuliza. "Mbona huwa anakata njia ya mashamba, kule chini?"

Njia hiyo Vaileth hakuikanyaga tangu wamzike kaka yake Simoni, aliyefia hukohuko shambani, mwaka juzi. Siku ya matanga alimwapisha Marko kwamba hatakesha kamwe kwenye dungu la kulindia mahindi la shamba lao, hata mahindi yakiisha yote. Na huko ndiko alikokwenda kumficha mwanamke wake.

"Nipeleke," alisema.

Dereva alizima pikipiki mbali na shamba, akakataa kusogea zaidi. Jua lilikuwa likizama. Vaileth alitembea peke yake, na besi akaisikia kwenye nyayo kwanza, noti moja ndefu, kisha nyingine. Mwisho wa mahindi aliuona mgongo wa Marko, gitaa begani, kombo limeelekezwa porini. Hakukuwa na kiti wala chupa, ila mbele yake palikuwa na kichaka kikubwa, na mtu anaweza kujificha kichakani.

"Mwambie atoke nimwone," alisema.

Marko hakugeuka. Kidole chake hakikuachia uzi.

"Rudi nyuma polepole, mama Anitha," alisema kwa sauti ya chini. "Usikimbie."

Ndipo kile kichaka kikapepea masikio.

"Simoni," Marko alisema, "alikuwa na debe tu la kugonga."