Kadi ya Kliniki

Majalada ya watoto waliouawa na mama zao yalikuwa sitini na mawili, na swali la tisa kwenye fomu ya utafiti lilikuwa jepesi: mama aliwahi kutafuta matibabu ya akili? Kote Nyamizi, mtafiti msaidizi, alikuwa amejaza “Hapana.” Kwenye jalada la mwisho ikadondoka kadi ya kliniki ya mtoto. Muuguzi alikuwa ameandika: “Kilo sita, anaendelea vizuri. Mama halali, anasikia sauti.”

“Hiyo ni kadi ya mtoto, bibie,” alisema Profesa Kahumbi, msimamizi wake. “Mama hana faili. Ripoti inatoka kesho.”

“Angepata wapi faili, Profesa, na pale kliniki wanapima mtoto tu?”

Profesa alitazama saa yake. Nyamizi aliifuta “Hapana,” kisha akalivuta jalada la kwanza, akatafuta kadi ya kliniki.