Pigo Lililonyooshwa

Toleo lililosafishwa la albamu likitoka, la zamani hujifuta lenyewe katika kila nyumba, ndiyo sheria. Shekue hakuijali, mpaka ilipofika zamu ya albamu ya salsa ambayo marehemu baba yake aliipigia ngoma. Katika wimbo wa tatu mzee alichelewa pigo moja, na miaka yote mama alilisubiri, mguu hewani, akicheka. Sasa mafundi wa studio wamelinyoosha, linaingia kwa wakati.

“Wapumbavu! Hata mavi ya mbuzi wangeyapiga pasi,” Shekue alifoka.

“Punguza mdomo, we Shekue. Mbona wimbo mtamu?” mama alimjibu, akiucheza bila kusita.

Shekue akaligonga mezani pigo la baba yake, kama lilivyochelewa zamani.

“Acha, mwanangu,” mama akasema. “Unaniharibia wimbo.”