Ukucha wa Diwani

Mgambo wa halmashauri alisimama uani na bunduki. Kichaa cha mbwa kilikuwa kimeingia mjini, na amri ilisema kila mbwa anayechechemea auawe.

"Kavunjika ukucha tu. Subiri uone," alisema Sikudhani, mbwa wake akiwa kando yake. Mwaka wa mafuriko watu wa halmashauri hawakusubiri. Walimuua mbwa wake wa kwanza kwa sababu ya mwiba, na jina la aliyetia saini amri ile analikumbuka mpaka leo.

Aliketi chini, akaupakata mguu wa mbwa. Alikata kipande kilichoning'inia, akaosha kidonda, akakigandamiza kwa unga wa ngano mpaka damu ikakata. Mbwa alilia kidogo, lakini hakumng'ata.

"Tulia, Diwani."

"Mbwa unamwita Diwani?"

"Huyu akiitwa anakuja."

Mgambo alibana kicheko. "Haya, mama, mwite."

Sikudhani alikwenda upande wa pili wa ua, akaita. Diwani aliutua mguu chini, akauinua, akautua tena. Kisha akatembea moja kwa moja mpaka kwake. Sikudhani akashusha pumzi, akamkumbatia shingo.

Mgambo alitoa risasi kwenye bunduki, akaitia mfukoni.

"Diwani," alijaribu kuita, taratibu.

Mbwa aligeuza sikio moja.