Glavu za Picha

Mpiga picha alipomaliza, afisa habari wa kiwanda alipita na boksi akikusanya glavu. Ndivyo ilivyokuwa kila mwaka: glavu mpya hutolewa kwa ajili ya picha za ripoti ya mwaka, kisha hurudi stoo, na wabanguaji huendelea kubangua korosho mikono mitupu, mafuta ya maganda yakiwaunguza vidole.

Zamoyoni, mmoja wa wabanguaji, hakuvua zake.

"Dada, tumeshamaliza. Weka humu."

"Hiyo ripoti wanasoma akina nani?"

"Wanahisa, benki, wafadhili. Watu wakubwa."

"Na humo mimi nimevaa glavu?"

"Umevaa, tena umependeza."

"Basi sitaki mkawadanganye watu kwa sura yangu."

Akaketi kwenye kigoda chake, akachukua korosho, akaibana kwenye mashine na kuipasua.

"Dada Zamoyoni, namwita meneja!"

"Mwite. Na mpiga picha arudi naye, apige picha mkinivua."

Afisa alibaki amekumbatia boksi. Bi Somoe, mbanguaji mwenzake aliyekuwa ameshatumbukiza zake, alisogea, akaingiza mkono wake wenye mabaka ndani ya boksi, akaanza kuzitafuta.